Chaneli za antena kwenye Kodi: kwa nini picha inaganda jioni tu?

#1 kobe_pole
Wakuu, salaam. Nipo Kitengela. Mpangilio wenyewe ni huu: antena ya nje imeelekezwa Limuru, kebo ya RG6 inashuka mpaka Raspberry Pi 4 (kikompyuta kidogo), hapo kuna dongle ya USB ya DVB-T2, yaani tyuna ya televisheni ya dijitali, na Tvheadend, programu inayogawa chaneli nyumbani. Sebuleni kuna kisanduku cha Android chenye Kodi 21 (programu ya kutazamia), kinavuta chaneli kutoka kwa Pi kwa njia ya Wi-Fi. Mchana picha haina doa. Ikifika saa moja usiku inaanza: inaganda sekunde mbili tatu, inaendelea, inaganda tena, mpaka mnamo saa nne. YouTube kwenye kisanduku hicho hicho haikwami hata kidogo. Dai langu: Kodi ndiyo mbovu. Nipingeni.
Madogo mengine mawili: maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yanarukaruka muda wote, hata mchana. Na ratiba ya zile chaneli mbili ninazochukua kwenye intaneti imepotoka kwa masaa matatu.

#2 Jirani Mnoko
Kisimbuzi cha kawaida, rimoti moja, umemaliza. Nyinyi mnapenda taabu.

#3 Mzee wa Waya
Kabla hujamhukumu mtu, gawanya njia vipande viwili: antena mpaka Tvheadend, halafu Tvheadend mpaka kwenye kioo.
Fungua kivinjari, andika IP ya Pi ikifuatiwa na :9981, nenda Status, kisha Stream. Angalia safu tatu: SNR (nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele), Uncorrected Blocks (vipande vilivyoharibika bila kurekebishika), Continuity Errors (data iliyopotea kabla ya kufika Tvheadend). Picha ikiganda huku Continuity Errors imetulia, antena haina kosa, tatizo liko mbele. Ikipanda kila picha inapoganda, Kodi na Wi-Fi waache, rudi nyuma kwenye dongle, umeme au antena.
Njia ya pili haihitaji kusoma namba. Mwambie Tvheadend irekodi nusu saa katika muda huo huo mbaya, kesho yake cheza faili. Rekodi ikiwa safi, kosa liko kwenye mtandao wa nyumbani.

#4 nyuki_mweusi
Kipimo cha YouTube hakithibitishi chochote. YouTube inaweka akiba ya sekunde nyingi mbele, na mtandao ukilegea inashusha ubora kimyakimya bila kukuambia. Chaneli ya antena inakuja kwa kasi ile ile kituo kinavyoirusha, haina ubora wa chini wa kukimbilia. Wi-Fi ikinyamaza kidogo tu, unaona.
Ninaweka dau kwa Wi-Fi. Saa moja ndipo jengo zima limerudi nyumbani, kila mlango una ruta, zote kwenye GHz 2.4. Hamisha kisanduku kwenda GHz 5. Ikiwa ukuta ni mnene na GHz 5 haifiki, baki 2.4 lakini uchague chaneli ya Wi-Fi 1, 6 au 11, upana MHz 20. Usiweke 3 wala 9 ukidhani umekwepa watu, hapo unagongana na pande zote mbili. Na dawa ya kweli ni kebo ya mtandao.

#5 Fundi Tochi
Mimi sikubaliani na Wi-Fi. Chaneli ya SD ni Mbps 2 au 3 tu, hata Wi-Fi mbovu inabeba. Saa moja jioni ndipo kila nyumba inawasha pasi, heater na jiko. Volti inashuka mtaani. Pi 4 inataka adapta ya volti 5.1, ampea 3. Wengi wanaifunga kwenye chaja ya simu na waya mwembamba. Dongle ndiyo inayoumia kwanza, maana bandari zote za USB za Pi 4 kwa pamoja zinagawana ampea 1.2 tu, na kama kuna diski ya nje hapo imekwisha habari yake.
Ingia kwenye Pi kwa SSH (kutoka kompyuta nyingine) uandike:
`vcgencmd get_throttled`
Jibu likiwa 0x0, yaani umeme haujapungua, nitanyamaza.

#6 bahari_kuu
Ongeza bafa tu mkuu, ile akiba ya picha. Tengeneza faili la advancedsettings.xml, weka memorysize kubwa, nusu ya RAM hivi.

#7 nyuki_mweusi
@bahari_kuu hayo ni ya zamani. Kuanzia Kodi 21 mipangilio ya akiba imehamia ndani ya menyu: Settings, Services, Caching. Za kwenye advancedsettings.xml hazisomwi tena. Halafu hata ukiweka, haimsaidii kama anatumia kiongezi (add-on) cha Tvheadend HTSP, kile cha bandari 9982. HTSP haipiti kwenye akiba hiyo. Ingemsaidia kama angekuwa anacheza M3U (faili la orodha ya link za chaneli) kwa kiongezi cha IPTV Simple.
@kobe_pole unatumia ipi?

#8 kobe_pole
HTSP.

#9 Dada Kebo
Mmesahau hewani. Minara ya simu ya 4G hutumia masafa ya 700 na 800, na televisheni ya UHF inaishia MHz 694. Wamekaribiana. Kama antena yako ina busta, ile busta haichagui, inakuza kila kinachoingia. Jioni watu wote wako kwenye simu, mnara unarusha kwa nguvu zaidi, busta inalewa, na chaneli za juu ndizo zinazoanza kuumia. Ndiyo maana mchana husikii kitu.
Nunua kichujio cha LTE, yaani cha kuzuia hiyo 4G. Kinafungwa KABLA ya busta, upande wa antena. Ukikifunga baada ya busta umepoteza hela yako. Na kwanza jaribu kuitoa busta kabisa, mawimbi yakikutosha hapo ulipo bila yenyewe utaona SNR inapanda badala ya kushuka.

#10 Mzee wa Waya
Dada Kebo hoja yako ina uzito, lakini ikiwa ni hiyo, Uncorrected Blocks itapanda. Ndiyo maana nimesema namba kwanza. Na atuambie chaneli zipi zinaganda na ziko masafa gani. Kwa wasiojua hesabu: namba ya chaneli ya UHF zidisha kwa 8, jumlisha 306, unapata MHz. Chaneli 21 ni 474, chaneli 48 ni 690.

#11 Shamba la Bibi
Naomba kuingilia. Mimi nina kisanduku cha Android tu, sina Pi. Nikichomeka dongle kwenye kisanduku chenyewe haiwezekani?

#12 Fundi Tochi
@Shamba la Bibi mara nyingi hapana. Kernel (kiini cha mfumo) ya kisanduku cha Android haina madereva ya tyuna, na huwezi kuyaongeza bila kuwa na mfumo mpya mzima. Kwenye Pi unaweka LibreELEC (mfumo uliokuja na Kodi ndani), madereva mengi yamo, na Tvheadend Server unaipata kama kiongezi kwenye hazina yake, sehemu ya Services.
Ukienda dukani uliza dongle ya T2, siyo T. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Dongle za bei rahisi zenye chipu ya RTL2832U peke yake zinasoma DVB-T tu, na huku Kenya ni DVB-T2. Utasachi mpaka uchoke, chaneli sifuri. Tafuta yenye Si2168, au ile ya RTL2832P iliyoongezewa MN88473. Baadhi ya hizi zinahitaji faili la firmware kwenye /lib/firmware. `dmesg` itakuambia jina la faili linalokosekana, herufi kwa herufi.

#13 nyuki_mweusi
Kuna pia Raspberry Pi TV HAT, inakaa juu ya Pi yenyewe, inasoma T na T2, haigusi USB kabisa. Inaondoa nusu ya ubishi wa uzi huu.

#14 kobe_pole
Nimerudi na namba. Chaneli zangu ziko kwenye mux mbili (mux ni masafa mamoja yanayobeba chaneli kadhaa), moja ya masafa ya chini, nyingine ya juu. Kwenye mux ya chini Continuity Errors ni 0, haijasogea, na bado picha imeganda mbele yangu. Kwenye mux ya juu zinapanda kidogo kidogo, Uncorrected Blocks nazo zinapanda. SNR haitofautiani sana na ya mchana.
`get_throttled` imejibu 0x50000.

#15 Fundi Tochi
Nilisema. 0x50000 maana yake umeme uliwahi kupungua na Pi ikajipunguza mwendo. Adapta.

#16 Mzee wa Waya
Taratibu fundi. Hiyo namba inasema "imewahi kutokea tangu iwashwe", haisemi saa ngapi. Huenda ni ile sekunde ya kuwaka. Ingekuwa inatokea sasa hivi tungeona na tarakimu za mwisho, mfano 0x50005. Azime na kuwasha mchana, asome, kisha asome tena saa mbili usiku. Mchana ikiwa 0x0 na usiku 0x50000, utakuwa umeshinda.
Na bado hujaeleza mux ya chini. Makosa sifuri na picha imeganda: hiyo si umeme wa dongle, si antena.

#17 nyuki_mweusi
Mux ya chini ni yangu. Wi-Fi.

#18 Dada Kebo
Na ya juu ni yangu 😂 Mnaona? Mtu anaweza kuwa na maradhi mawili.

#19 Msomaji Kimya
Swali kutoka Dar. Huku naweza kufanya hivyo hivyo na visimbuzi vyetu?

#20 Mzee wa Waya
@Msomaji Kimya tyuna inapokea chochote kilichoko hewani, kufungua ni suala jingine. Chaneli ikiwa imefungwa kwa kadi au kwa mfumo wa ndani wa kisimbuzi, Tvheadend itaionyesha kwenye orodha ya Services na itaandika kwamba imefungwa, picha hupati. Sachi kwanza, tazama safu ya Encrypted, ndipo ujue kama kuna cha kutazama.
Unapoongeza mux kwa mkono: Delivery System chagua DVBT2, siyo DVBT. Frequency andika kwa Hz kamili, yaani 474000000, siyo 474. Bandwidth 8MHz. Mengine yote acha AUTO. Sehemu ya PLP ID inasahaulika sana: T2 inaweza kubeba mabomba kadhaa ndani ya masafa mamoja. Ukiona mux imeandika OK lakini chaneli ni pungufu ya zile za jirani, iongeze mux hiyo hiyo mara ya pili kwa PLP 1. Mwisho bonyeza Map Services ili ulivyovipata viwe chaneli, vinginevyo Kodi haitaona kitu na utailaumu bure.

#21 bahari_kuu
Kuhusu maandishi yanayoruka: hilo si kuganda, ni kioo. Vituo vyetu vinarusha picha 25 au 50 kwa sekunde. Kisanduku chako kimetoka kiwandani kikiwa kwenye Hz 60. Hamsini haiingii kwenye sitini vizuri, kwa hiyo kila mara picha moja inarudiwa, na jicho linaliona hilo kwenye maandishi yanayotembea kuliko sehemu nyingine yoyote. Kodi: Settings, Player, Videos, tafuta Adjust display refresh rate, weka On start/stop. Ukitazama antena tu kila siku, lock kisanduku chenyewe kwenye 1080p 50Hz, utaondoa na kile kiza cha sekunde moja kila ukibadilisha chaneli.

#22 kobe_pole
@bahari_kuu imekubali. Maandishi yanateleza sasa. Asante.

#23 Shamba la Bibi
Na masaa matatu?

#24 nyuki_mweusi
Hilo la masaa matatu ni faili la ratiba. XMLTV, muundo wa faili hilo, inaandika muda hivi: 20250601190000 +0300. Wengi wanaotengeneza mafaili haya wanaacha ile +0300. Bila hiyo Kodi inachukulia ni saa za UTC, inaongeza tatu, na taarifa ya habari ya saa moja inajitokeza saa nne. Kama faili ni lako, ongeza +0300. Kama ni la mtu, ingia kwenye IPTV Simple, sehemu ya EPG (ratiba), kuna time shift, weka -3. Kisha Settings, PVR & Live TV, General, Clear data, la sivyo utaendelea kuona ratiba ya zamani.
Ratiba isipotokea kabisa, ni majina. Mstari wa M3U uko hivi:
`#EXTINF:-1 tvg-id="kituo1" group-title="Habari",Kituo cha Kwanza`
Hiyo tvg-id ifanane na id ya channel ndani ya XMLTV. Ikiwa una orodha mbili tofauti, tangu Kodi 20 huna haja ya kuziunganisha, kiongezi kinakubali usanidi zaidi ya mmoja.

#25 Chuma Ulete
Hizo chaneli za intaneti nazo. Nimekopi link ya live ya YouTube ya kituo kimoja, nikaitia kwenye M3U. Asubuhi inafanya kazi, jioni imekufa. Wamenifungia?

#26 Mzee wa Waya
Hawajakufungia. Ile link ndefu ya m3u8 ina muda wake wa kufa ndani yake, angalia neno expire, ni kama masaa sita. Tumia kiongezi cha YouTube cha Kodi chenyewe, au kama una Pi, `yt-dlp -g` ikuletee link mpya kila unapoanza kutazama. Kuibandika kwenye orodha ya kudumu ni kazi bure.
Ukikuta link nyingine inafunguka kwenye simu na haifunguki kwenye Kodi, huenda seva inachagua wateja. Mwishoni mwa link ongeza `|User-Agent=` na jina la kivinjari.

#27 Chuma Ulete
Shukrani mzee. Kuna jamaa anauza orodha ya chaneli elfu tano, mpira wote ndani.

#28 Dada Kebo
Hizo ni za wizi na hufa dakika ya 80. Hatuzijadili kwenye uzi huu.

#29 Jirani Mnoko
Zaidi ya hapo mwenye antena atashangilia goli wewe bado unaangalia kona ikipangwa.

#30 nyuki_mweusi
Hilo la goli ni kweli na lina sababu. HLS, njia ya kurusha video kwenye intaneti, inakata picha vipande, mara nyingi vya sekunde sita, na kichezaji kinaanzia vipande vitatu nyuma ya mwisho. Hapo tayari ni sekunde 18, bado muda wa kubana picha na kuisambaza. Antena kupitia Tvheadend inachelewa kidogo sana. Tena antena haili bando: mkondo wa Mbps 3 ni GB 1.35 kwa saa, mechi moja na mapumziko yake ni kama GB 2.4.

#31 Msomaji Kimya
Umeme ukikatika na kurudi, chaneli zangu zote za https zinagoma, za http zinaenda. Baada ya muda zinarudi zenyewe. Jini?

#32 Fundi Tochi
Saa. Kisanduku hakina betri ya saa, kinaamka kikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kufanya kazi. Kikishapata muda kutoka mtandaoni kinapona. Pi nazo ni hivyo hivyo, mpaka Pi 5 ndiyo ikaja na mahali pa kufunga betri ya saa. Ruta ikichelewa kuwaka kuliko kisanduku ndiyo unaona hali hiyo. Weka ruta kwenye UPS ndogo ya volti 12.

#33 bahari_kuu
Wanaonunua visanduku vya bei ya kutupa, angalieni. Mwaka 2023 kisanduku cha T95 kilikutwa na programu chafu zilizowekwa kabla hata hakijafunguliwa boksi, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu visanduku vya aina hii chini ya jina BADBOX 2.0. Kinatumia intaneti yako usiku kufanya biashara za watu. Hapo ndipo unakuta Wi-Fi imejaa na hujui nani anakula. @kobe_pole chako ni cha aina gani?

#34 kobe_pole
Hakina jina, kimeandikwa 4K tu 😅

#35 bahari_kuu
Haya. Ingia kwenye ruta, tazama kinatuma kiasi gani kikiwa kimelala. Nasema kinachopakia (upload), siyo kinachopakua (download).

#36 Mzee wa Waya
Sasa tuna Wi-Fi, umeme, mnara wa simu na kisanduku chenye mambo yake. Mimi naongeza la tano. Kuna runinga nyingine chumbani?

#37 kobe_pole
Ipo. Nayo ina Kodi. Jioni huwa wanatazama.

#38 Mzee wa Waya
Tyuna moja inasikiliza mux moja kwa wakati. Chaneli kumi za mux hiyo hiyo mnaweza kutazama pamoja, lakini chumbani wakitaka mux ya pili, lazima mmoja aachie. Kwenye logi itaandikwa No free adapter.

#39 nyuki_mweusi
Hiyo ingekata moja kwa moja, isingeganda sekunde mbili na kuendelea. Ila runinga ya pili inabeba Wi-Fi ile ile mara mbili: kutoka Pi kwenda ruta, ruta kwenda chumbani. @kobe_pole Pi yenyewe imefungwa kwa kebo au nayo iko hewani?

#40 kobe_pole
Nayo iko Wi-Fi.

#41 nyuki_mweusi
Hapo sasa! Kila picha ya sebuleni inapita hewani mara mbili, ya chumbani mara mbili. Mikondo miwili imekuwa minne kwenye redio moja. Pi kwanza, kebo mpaka kwenye ruta, kabla hujanunua hata kichujio. Kisha `iperf3 -s` (kipima kasi ya mtandao) kwenye Pi, na simu ikiwa imekaa pale pale kwenye kisanduku ipime saa mbili usiku.

#42 Fundi Tochi
Na adapta abadilishe vilevile. 0x50000 haijaelezwa na kebo ya mtandao.

#43 Dada Kebo
Wala Uncorrected Blocks za mux ya juu. Busta ipo au haipo? Umekwepa swali tangu jana.

#44 kobe_pole
Ipo, iko darini. Ngazi inarudi Jumamosi.

#45 Shamba la Bibi
Wakati mnasubiri ngazi: hiyo TV HAT inaingia kwenye Pi 3, au mpaka 4?

#46 Fundi Tochi
Inaingia yoyote yenye pini 40. Ila kwenye Pi 3 chaneli za MPEG-2 (mfumo wa zamani wa kubana picha) zilitaka ununue leseni ili chipu izifungue. Hapa hewani nyingi ni H.264 (mfumo mpya zaidi), haikuhusu. Pi 5 nayo usikimbilie kwa ajili hii, wameiondoa H.264 ya kwenye chipu, inafunguliwa na prosesa. Kwa SD utaona sawa tu.